Ufunguo wa Mnara wa Kijamvi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, watu bado wakianika betri za redio juani zipate nguvu, palikuwa na kisiwa kikiitwa Kijamvi. Udogo wake! Ukipiga chafya ufuo wa mashariki, wa magharibi wanakujibu "afya!" Ukiunguza samaki, kisiwa kizima kinajua ni changu au ni kolekole. Gari hawakuwa nalo, kwa sababu gari likitiwa gia ya pili lingekuwa limeshaingia baharini.

Kidogo, ndiyo. Lakini maringo yake yangejaza bara.

Na walikuwa na haki ya kuringa, maana walikuwa na mnara. Mnara wa matumbawe, mrefu kuliko mnazi wowote, ndani una ngazi ya kuzunguka mpaka kichwa kiwe kizunguzungu, juu una taa, na chini una mlango wa msaji wenye nakshi. Mlango ule ulikuwa na ufunguo mmoja tu wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto. Aliyeushika ndiye aliyepanda kila jua likitua kuwasha taa. Akifa, ufunguo anapewa mtu mwingine mbele ya watu wote, na jina lake linachongwa mlangoni. Mtu wa Kijamvi angeweza kukosa shamba, akakosa mashua, akakosa hata meno, lakini kama babu yake alikuwa na jina kwenye mlango ule, alitembea kifua mbele kama aliyemeza sinia.

Sheha wa Kijamvi alikuwa Vuai Kombo. Mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Akikuamkia asubuhi, kuku walikuwa wanashuka kutoka juu ya mti. Watu walimpenda kwa mdomo wake, na mdomo wake, mtaona, ndio uliompeleka pahala ambapo hakuna mtu angependa kusimama.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila mwaka kabla ya Maulidi, kisiwa kizima huupaka mnara chokaa. Kila nyumba inaleta ndoo. Mwaka mmoja, Vuai bado kijana, hajawa sheha, chokaa haikutosha. Wazee wakakuna ndevu: tupake nusu nusu, au tungoje? Vuai akarukia juu ya ngazi ya mlango.

"Jamani! Upande wa mbele wanautazama watu wa Mtondooni. Huo upakeni mara mbili! Upande wa nyuma kuna bahari tupu. Atautazama nani? Papa?"

Wee! Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mzee mmoja alikaa chini kabisa, akashika mbavu. "Atautazama nani, papa!" Mtondooni, mjue, ndicho kisiwa jirani, ng'ambo ya mlango wa bahari, na Kijamvi na Mtondooni walishindana kwa kila kitu, kuanzia mpira mpaka pweza wa nani hulainika upesi. Basi tangu mwaka ule, kila Maulidi, wanapaka mbele tu. Jua la alasiri likiupiga mnara, watu wa Mtondooni wanafumba macho, na watu wa Kijamvi wanalala usingizi mzuri. Kichekesho kikawa desturi. Na nyuma? Nyuma hakwenda mtu.

Miaka ikapita. Vuai akawa sheha. Mzee Ussi, mshika ufunguo, akafariki bila mtoto, na ufunguo ukakaa kwenye mfuko wa koti la sheha, aliyekuwa akiwasha taa kwa muda, ukimgonga nyonga kila akitembea, ukingoja mwenyewe. Mlangoni palibaki nafasi ya jina moja tu. Kwingine kote nakshi na majina vilikuwa vimebanana kama watu wa khitma.

Basi asubuhi moja ikaja boti ya wilaya. Aliyeiendesha ni Mcha Khatibu, mtu wa Mtondooni, mkimya, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakushuka. Akapunguza mashine, akaita kutoka majini:

"Sheha! Wilaya imekata shauri. Kijamvi na Mtondooni mtakuwa shehia moja. Sheha mmoja, ofisi moja, mhuri mmoja."

"Mmoja? Na utakaa wapi?"

"Kwenye kisiwa chenye alama inayoonekana kutoka baharini pande zote, ili boti za daktari na walimu zisipotee. Mtondooni tumejenga gati jipya lenye paa jekundu. Kesho kutwa asubuhi nawaletea kamati."

Vuai akacheka, akaupiga mnara kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake wa mashindano. "Waje! Waje na miwani ya jua!"

"Wameniambia nikizunguke kisiwa chote," alisema Mcha.

"Wazunguke wakatafute nini? Bandari iko huku mbele."

"Nimeambiwa nizunguke, nitazunguka." Akatazama juu kwenye mnara, akatazama kwa muda, kisha akageuza boti akaenda zake.

Bi Time muuza mandazi, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni hata likiwa la moto, ndiye aliyesema: "Na nyuma?"

"Nyuma kuna papa," alijibu mtu mmoja. Hakucheka hata mmoja.

Wakaenda kutazama. Salaala! Upande wa nyuma wa mnara ulikuwa mweusi kama chini ya chungu. Ufa umepanda kutoka kiunoni mpaka karibu na taa, na katikati ya ufa umeota mkuyu. Si mche, mkuyu! Una matawi, una kivuli, una kunguru waliozaa humo, wakalea, wakaozesha.

Sheha Vuai alihisi ufunguo umekuwa mzito mfukoni. Aliona mambo yote kwa mpigo: mhuri unavuka bahari kwenda Mtondooni, na mtu wa Kijamvi akizaliwa au akifa, watu wake wanapanda mashua kwenda kwa jirani kuomba waandikwe, huku jirani anajichokonoa meno. Akapanda juu ya jiwe. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Watu wa Kijamvi! Atakayeuokoa mnara huu, ufunguo ni wake! Jina lake litakaa mlangoni, na mjukuu wa mjukuu wake atalipapasa!"

Mkewe, Bi Mashavu, akamvuta shati. "We Vuai. Atakayeuokoa mmoja? Na wakiwa wengi?"

"Mke wangu, kwanza uokolewe!"

Haya. Kuokoa kunataka chokaa, na chokaa ya mwaka ule ilikuwa yote upande wa mbele, inang'aa. Kuchoma mpya? Ukusanye mawe, upange magogo, uchome tanuu, kisha uifukie shimoni inywe maji mpaka iive, miezi. Kesho kutwa si miezi. Katika kisiwa kizima palikuwa na shimo moja tu la chokaa iliyoiva, laini kama samli. Lilikuwa nyuma ya jiko la sheha. Bi Mashavu alikuwa amelichoma tanuu lake mwenyewe, kwa ajili ya chumba cha binti yao Raya, aliyekuwa aolewe mwezi wa Mfungo Saba. Wakwe wa ng'ambo walikuwa wamesema waziwazi: mtoto wetu haingii kwenye chumba cha udongo.

Vuai akafika nyumbani, akazunguka jiko mara moja, akazunguka tena.

"Usizunguke kama paka wa sokoni," alisema Bi Mashavu. "Sema."

"Nilikuwa natazama... hilo shimo."

"Shimo la Raya."

"La Raya, ndiyo. Mnara, Mashavu."

Bi Mashavu akatazama chumba cha binti yake, kuta zake za udongo, mlango mpya ambao bado unanukia randa. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi kana kwamba anataka kukuna nazi. Kisha akainuka, akachukua jembe, akalifungua shimo yeye mwenyewe. "Beba. Beba kabla sijapata akili. Lakini ukinipotezea chokaa na mnara vyote viwili, Vuai, kesho kutwa utalala kwa mama yako."

Chokaa ikapatikana. Nani apande? Ngazi za kisiwa zote zikaungwa, zikaishia chini ya mkuyu. Kwa juu pale alihitajika mtu wa kuning'inia. Na mtu huyo alikuwa mmoja: Pandu Silima, mkwezi wa minazi, mrefu, mkavu, na adui wa sheha. Pandu aliutaka usheha akaukosa, na tangu siku ile hakuwahi kusema na Vuai ila kwa kupitia mtu wa tatu. Hata wakikutana wawili tu njiani, Pandu alimwambia mbuzi.

Akaja na kamba begani, akasimama mbele ya sheha, pua kwa kifua, akamgeukia Bi Time. "Mwambie sheha kwamba mimi simfanyii yeye. Naufanyia mnara."

"Mwambie Pandu nimesikia," alisema sheha.

"Mwambie sheha kamba yangu ataishika yeye mwenyewe huku chini. Simwamini, lakini mbele ya watu hawa wote hatathubutu kuniangusha."

"Mwambie Pandu nimeshaishika!"

"Hebu niacheni nikaange mandazi yangu," alisema Bi Time.

Pandu akapanda. Kamba ikapitishwa kwenye jiwe la juu, ncha nyingine mikononi mwa sheha. Mkuyu ukakatwa tawi kwa tawi, kunguru wakilia kama wafiwa. Mizizi ikang'olewa, ufa ukashindiliwa mawe na kukandikwa. Kisha chokaa. Wanawake wanachanganya, wanaume wanapandisha ndoo, Pandu anapaka huku anaimba nyimbo za kumsema sheha, na sheha huku chini ameshika kamba anaitikia kiitikio, maana kazi inataka mdundo. Siku ya kwanza wakafika nusu. Siku ya pili, robo tatu. Asubuhi ya kamati, jua halijapanda sana, Pandu akapiga mkono wa mwisho chini ya taa.

"Mwambieni sheha anishushe!"

Sheha akaanza kumshusha, taratibu, kwa heshima zote. Pandu amebakisha kimo cha mlango, mara sauti ikatoka ufukoni: "Botiii!"

"Iko wapi?"

"Kule!"

"Ile kule!" alisema Sheha Vuai, akanyoosha mkono kuonyesha.

Mkono upi? Ule ule.

Pandu akashuka sehemu iliyobaki bila msaada wa serikali. Mguu ukalia kama ukuni mkavu. Akalala pale juu ya mawe, uso umejaa chokaa, na kwa mara ya kwanza tangu aukose usheha akamwambia Vuai neno moja kwa moja. Neno lenyewe halisemeki mbele ya wakubwa.

Lakini balaa halikuishia hapo. Inueni macho mtazame ukuta. Umepakwa wote, na hauonekani! Chokaa mnaijua: ikiwa mbichi haina rangi, ni maji ya kijivu tu, ukuta unafanana na nguo iliyoloa. Weupe wake unakuja jua likishainywa. Na boti ile inakuja, ishapita Mtondooni, inakata maji, sasa hivi itazunguka nyuma, na kamati itaona mnara wenye rangi ya panya.

Vuai alisimama, kushoto kwake Pandu anaugulia, kulia kwake mkewe ameshika ndoo tupu. Akavua koti, akaanza kuupepea ukuta. Vuai Kombo! Anaupepea mnara kwa koti!

Mara boti ikageuka.

"Anakwenda wapi yule?" aliuliza Bi Time.

Boti iliacha njia ya ndani, njia fupi ambayo kila mtu anaipita maji yakijaa, na siku ile maji yalikuwa yamejaa mpaka yanataka kuingia jikoni. Ikatoka nje ya mwamba unaokizunguka kisiwa, kwenye mawimbi, ikazidi kutoka.

"Anawapeleka Ngazija!"

"Amelewa!"

"Mtu wa Mtondooni huyo, ana hila zake!"

Kule nje boti ikasimama. Ikayumba. Wenye macho makali walimwona Mcha amefungua mashine, ametoa plagi, anaipuliza, anaitazama, anaipuliza tena, huku wanakamati wamelala ubavuni mwa boti wanawapa samaki chai ya asubuhi. Jua likapanda. Likaupiga ukuta wa nyuma. Na weupe ukaanza, jamani. Ukaanzia chini ya taa, ukateremka kama mtu anayekunjua kanga mpya, ukashuka kwenye ufa uliozibwa, ukashuka mpaka chini, mpaka watu wakaweka mikono machoni.

Hapo ndipo mashine ya Mcha ilipopona.

Boti ikazunguka, ikafika. Akashuka Bi Mkaguzi, mkuu wa kamati, mwavuli umegeuka ndani nje, uso wa kijani kama embe bichi. Akashika nguzo ya bandari asiiachie. "Mnara wenu," alisema, "nimeuona mbele, nimeuona nyuma, nimeuona nikitapika. Ofisi inakaa hapa. Sasa nitafutieni pahala nikae, pasipotikisika."

Vigelegele! Kijamvi kilicheza mpaka kidogo kizame. Wazee waliopooza viuno walicheza kwa mabega. Watu walivuka kwenda nyuma ya mnara kuutazama tu, wanarudi, wanakwenda tena. Nyuma yao, ile nyuma yao, ilikuwa nzuri kuliko mbele!

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, watu wakajaa uwanja wa mnara. Sheha Vuai akautoa ufunguo mfukoni. Fundi wa nakshi alikuwa amekaa tayari na patasi, mbele ya ile nafasi moja iliyobaki.

Bi Mashavu akatoka mbele, mikono bado myeupe makunyanzini.

"Nisikilizeni. Bila chokaa yangu mngepaka nini, uji? Nilikata mawe mimi, nilichoma mimi, moshi ulinitoa machozi mimi. Leo chumba cha mwanangu ni cha udongo, na wakwe wamekunja mkeka wao, wanasema watatazama kwingine. Raya halii mbele yangu, analia akichota maji. Mimi nimetoa harusi ya mwanangu. Nipeni jina, nimwambie Raya ilikwenda wapi."

"Mwaka jana tulikuomba ndoo moja ya kumalizia, ukasema huna!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Mwaka jana ilikuwa mbichi, babu we! Ungetaka ikubabue macho?"

"Na ni mke wa sheha! Ufunguo unatoka mfuko huu unaingia mfuko ule, kitanda kimoja!"

"Kitanda!" alisema Bi Mashavu. "Kitanda gani? Yeye analala sebuleni tangu juzi."

Akaja Pandu, amebebwa kwa kiti, mguu umefungwa kwa vipande vya kuti.

"Mwambieni sheha," akaanza, kisha akaacha. "La. Nitamwambia mwenyewe. Vuai, chokaa ndani ya ndoo ni chokaa ndani ya ndoo. Nani aliyeipandisha? Nani aliyening'inia pale, upepo unamvua shati? Mimi ni mkwezi. Sina shamba, sina duka, nina miguu miwili, na mmoja umeuangusha wewe kwa kuonyesha boti ambayo kila mtu ameshaiona. Msimu huu minazi ya watu itakwewa na nani? Mganga anasema labda nitatembea. Kupanda, hakusema. Nipe ngazi ya mnara. Ngazi ile naiweza kwa makalio, kidaraja kimoja kimoja."

Watu waliguna kwa huruma. Lakini Bi Time alisimama na sinia lake. "Kaka Pandu, nikuulize. Wewe kila siku uko juu ya minazi. Ule mkuyu hukuwahi kuuona?"

Pandu akaupapasa mguu wake.

"Uliuona."

"Niliuona tangu una majani mawili," alisema Pandu. "Nikaona ukue. Siku moja umwaibishe sheha mbele ya watu. Ndiyo. Nilikosea. Na nimeung'oa kwa mikono hii."

Hapo ndipo mtu mmoja alipopita katikati ya watu, godoro kichwani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mcha Khatibu.

"Kwetu wamening'olea nguzo ya boti," alisema, akaliweka godoro chini. "Bi Mkaguzi aliwasimulia jinsi nilivyomtoa nje, nikimwambia eti maji yamekupwa. Nao siku ile walikuwa wakiogelea mlangoni kwao. Wamejua. Mama yangu mwenyewe amenifungia mlango. Nami nadai ufunguo."

Kicheko kilipasuka! "Ufunguo wa Kijamvi kwa mtu wa Mtondooni!" "Mpeni na mhuri kabisa!" "Mpeni mke!" Hata Sheha Vuai alicheka, mabega yakimtikisika. "Mcha, ndugu yangu, umetupenda ghafla hivyo?"

"Sikuwapenda," alisema Mcha.

Akasubiri wanyamaze.

"Nilikuwa na ndugu, Shaame. Mwaka fulani tulikuwa nje, upande wa mashariki, asubuhi, mvua na ukungu. Mtu akiwa kule hutafuta weupe wa mnara wenu. Akiuona, anajua mlango wa mwamba, penye kupita mashua, uko kushoto kwake. Hata sisi wa Mtondooni tulifundishwa hivyo na baba zetu. Tukatafuta weupe. Tukatafuta. Mnara ulikuwa mbele yetu, mkubwa, nasi tukadhani ni wingu, kwa sababu mwaka ule ndio kwanza mlikuwa mmeacha kupaka nyuma. Tukapiga mwamba. Mimi nikatoka. Shaame hakutoka." Akavua kofia, mara ya kwanza watu kumwona nywele, zilikuwa nyeupe. "Sijui kwa nini mliacha. Sikuuliza. Nilipoona mnapaka, nikasema kamati itangoja. Nataka kuishika taa ile mimi, ili nijue kwa macho yangu kwamba upande ule hausahauliwi tena."

Mcha hakujua kwa nini waliacha kupaka. Lakini kila mtu wa Kijamvi alijua. Na mmoja mmoja, wazee kwanza, kisha wengine, waligeuza macho wakamtazama Sheha Vuai. Kile kichekesho chake, kilichowavunja mbavu mwaka ule, kilisimama pale uwanjani katikati yao, na hakikuchekesha.

Vuai alihisi ufunguo unamuunguza. Alimtazama mkewe, ambaye chokaa yake aliichukua. Alimtazama Pandu, ambaye kamba yake aliiachia. Alimtazama Mcha. Watu wote watatu walikuwa wamepoteza, na kila alipofuata nyayo za hasara yao, zilimrudisha kwenye viatu vyake.

"Tutengeneze funguo tatu," alisema, sauti fupi kwa mara ya kwanza.

"Na nafasi ya jina?" aliuliza fundi wa nakshi, akigonga mlango kwa kidole. "Hapa linaenea jina moja. Nikibana mawili nitapasua ubao."

"Ulisema 'atakayeuokoa'," alisema Bi Mashavu, polepole. "Nilikuuliza, Vuai. Nilikuvuta shati."

Minong'ono ikaanza. Mtaa wa msikitini ukasema Mashavu. Mtaa wa ufukoni ukasema Pandu. Na pembeni, kitu ambacho hakijawahi kuonekana Kijamvi, watu wachache wakasema jina la mtu wa Mtondooni, kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kawaida.

"Alidanganya serikali," alisema mmoja.

"Alidanganya kwa faida yako, wewe uliyecheza mpaka ukavunja ndala!"

"Akauza kwao!"

"Na asingeuza, leo mhuri ungekuwa wapi?"

Jua lilikuwa limeshashuka juu ya paa jekundu la Mtondooni. Kule nje, nyuma ya mwamba, mashua zilikuwa zinarudi, za Kijamvi na za Mtondooni zimechanganyika, zikiutafuta mnara. Taa ilikuwa ingali baridi. Kwa desturi, anayeshika ufunguo ndiye anayewasha, na hakuna mwingine anayepita mlango ule; na ufunguo ukishatolewa mbele ya watu haurudi mfukoni.

"Sheha," alisema Bi Time, bila mzaha, "watu wako baharini."

Basi Vuai akaunyoosha mkono wenye ufunguo. Mbele yake vikanyooshwa viganja vitatu: kimoja cheupe kwa chokaa, kimoja kimechubuliwa na kamba, na kimoja chenye mafuta meusi ya mashine.

Na taa ya Kijamvi iliwaka jioni ile, mapema kuliko siku zote. Wa Kijamvi wanaapa, na wa Mtondooni, ambao hawaapi kwa ajili ya Kijamvi hata kwa kulazimishwa, wanaapa vilevile. Mashua zote zilipita mlango wa mwamba, taa kulia kwao, ukuta mweupe unawaangalia. Na tangu mwaka ule, Maulidi yakikaribia, watu wanaanza kupaka nyuma. Mbele wanapaka chokaa ikibaki.

Lakini nani aliyepanda ile ngazi? Mlangoni jina lipo, limechongwa, na kila anayetoka kulisoma anarudi anagombana na mwenzake. Kwa hiyo kabla hamjakwenda kulisoma, simameni kwanza pale aliposimama Vuai, na ufunguo huo mkononi, kichekesho chenu cha zamani kinawatazama, na jua halingoji. Bi Mashavu aliyetoa chumba cha mwanawe? Pandu aliyetoa mguu wake? Mcha aliyetoa kwao?

Je, wewe ungeuweka kwenye kiganja cha nani?